Texas "hakuna kodi"? Njooni tufungue bahasha yangu pamoja

Mlalahoi wa Katy (mtoa mada)

Wakuu, habari za humu ndani.

Nina mdogo wangu yuko mbioni kuingia huku Marekani na familia yake, mke na watoto watatu. Kila anayemuuliza ushauri aende jimbo gani anamjibu vilevile: "Nenda Texas, kule hakuna kodi." Juzi kanipigia usiku kunipongeza eti kaka yake nilikuwa na akili kuhama Minnesota mapema. Nikacheka mpaka mke wangu akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Ndiyo maana nafungua uzi huu.

Tuliishi Minneapolis miaka sita, tumepanga. Mwaka 2020 mimi na mama watoto tuliingiza kama dola 88,000, na kodi ya mapato ya jimbo ikatutoka kama 3,100. Hapo sijagusa kodi ya serikali kuu, ambayo inakukata palepale uwe Alaska au Florida. Hizo 3,100 ziliniuma kwa sababu niliziona. Kila wiki mbili nikifungua salari slipu, mstari wa jimbo upo, unanikodolea macho. Jamaa wa Houston wakawa wananitumia picha za slipu zao, mstari huo haupo kabisa! Juni 2021 tukafungasha. Tukanunua nyumba mpya upande wa Katy, nje kidogo ya Houston, dola 310,000. Malipo ya mwezi, mkopo, bima na kodi vyote humo humo, 1,690. Nikajiona mjanja wa mjini.

Sasa tulieni hapa. Mwenye mkopo wa nyumba mara nyingi halipi kodi ya majengo kwa mkono wake. Benki inamkata kidogo kidogo kila mwezi, inaweka kwenye akaunti ya pembeni wanayoiita eskro, mwisho wa mwaka inamlipia. Na kodi yenyewe inaangalia hali ya mali ilivyokuwa Januari mosi. Januari mosi 2021 kwangu palikuwa na udongo, vigingi vyenye utepe wa rangi ya chungwa, na choo cha plastiki cha mafundi. Kwa hiyo bili ya kwanza ilikuwa ya kiwanja tu, kama 1,450, na benki ikaendelea kunikata kwa hesabu hiyo. Bili ya 2022 ikaja ya nyumba nzima: 8,510. Benki ikalipa kimya kimya. Februari 2023 nikaletewa barua: kuanzia sasa malipo yako kwa mwezi ni 2,866.

Nilirudia kusoma jina kwenye bahasha. Lilikuwa langu.

Nikaingia mtandaoni kuitazama ile bili, mstari kwa mstari. Shule ndio fungu kubwa. Kaunti. Udhibiti wa mafuriko. Hospitali ya kaunti. Zimamoto na huduma za dharura. Bandari ya Houston, ambayo sijawahi kuiona hata kwa mbali. Halafu wilaya ya maji. Hii nayo ina hadithi yake: mjenzi akijenga mtaa nje ya mipaka ya jiji, anaundiwa wilaya ndogo yenye mamlaka ya kukopa ili kutandaza mabomba ya maji safi na maji taka, na deni hilo analipa nani? Wewe uliyenunua nyumba, kupitia kodi, miaka na miaka. Ukijumlisha yote, kwangu ilikuwa karibu asilimia 2.9 ya thamani ya nyumba kila mwaka.

Kwa hiyo nilikimbia 3,100 nikaangukia 8,510.

Ukitazama takwimu za 2022 za Tax Foundation, taasisi inayochambua kodi, Texas kweli ni nafuu. Kodi zote za jimbo na serikali za mitaa ni asilimia 8.6 ya mapato ya wakazi wake, wastani wa taifa 11.2, New York 15.9. Sifa haikuzuka hewani. Lakini huo ni wastani. Taasisi nyingine, ITEP, iliwapanga watu kwa kipato mwaka 2024. Texas moja ya tano ya walio chini kabisa wanatoa asilimia 12.8 ya mapato yao, na ile asilimia 1 ya matajiri inatoa 4.6. Florida 13.2 kwa 2.7. Minnesota, ile ninayoambiwa nilifanya akili kuikimbia: walio chini 6.2, matajiri 10.5.

Hata bila kodi ya mapato walimu watalipwa, barabara zitatengenezwa, hela itatafutwa kwingine. Alaska wana mafuta, Nevada wana kasino, Florida wana watalii. Sisi wengine tuna paa zetu.

Swali langu kwa wajuvi: mtu wa dola 60,000 kwa mwaka, watoto watatu, ataanza kwa kupanga. Nimwambie nini?

---

Chawa wa Uzi

Naweka kambi hapa. Mwenye kahawa apitishe.

---

Binti Makorora

Nipo Tanga, nimesoma mara mbili. Mwanzo nilivyoona kodi ya nyumba nikajua kaka analalamikia baba mwenye nyumba kampandishia pango 😂 Kumbe nyumba yake mwenyewe na bado analipa.

---

Mzee Rufaa

Mtoa mada, heshima yako, lakini unawatisha watu bila sababu. Nipo Texas mwaka wa 19. Nina kampuni ndogo ya usafi, mwaka mzuri naingiza 140,000. Ningekuwa Minnesota au Oregon ningeacha maelfu kwa jimbo kabla sijanunua hata ufagio. Hapa sifuri. Na sio ahadi ya mwanasiasa, wananchi walipiga kura 2019 wakaipiga marufuku kodi ya mapato ndani ya katiba ya jimbo.

Pili, bili ya 2022 unaileta leo ya nini? Kipindi kile nafuu ya anayeishi kwenye nyumba yake ilikuwa 40,000 upande wa kodi ya shule. Mwaka 2023 ikapanda mpaka 100,000, na Novemba 2025 tumepiga kura imekuwa 140,000. Yaani thamani hiyo inatolewa kwanza ndipo shule wanapiga hesabu. Umeangalia bili yako ya sasa?

Tatu, unakata rufaa? Barua ya tathmini inakuja majira ya Aprili, mwisho wa kupinga kwa kawaida ni Mei 15. Mimi kila mwaka naenda na bahasha ya picha: ufa wa msingi upande wa gereji, uzio ulioanguka, na bei za nyumba tatu za mtaani zilizouzwa chini ya tathmini yangu. Mwaka juzi yule mama wa mezani aliangalia picha ya ufa akaniuliza, "Hii si ndiyo ya mwaka jana?" Nikamwambia mama, ufa ni uleule ila umekua. Akashusha 14,000.

---

Hesabu Haziongopi

Ngoja tunyooshe mambo mawili, mimi ni mhasibu na mambo haya nayaona kila msimu wa marejesho.

La kwanza: toka 1,690 mpaka 2,866 ni ongezeko la 1,176. Nusu yake, kama 588, ndiyo kodi yenyewe iliyopanda. Nusu nyingine ilikuwa kurudisha ile 7,060 iliyopelea benki ilipokulipia. Baada ya miezi kumi na miwili nusu hiyo inaondoka. Mtoa mada, iliondoka au haikuondoka?

La pili ndilo kubwa. Unalinganisha wewe mpangaji wa Minneapolis na wewe mwenye nyumba wa Katy. Ulipopanga, mwenye nyumba alilipa kodi ya majengo kwa hela gani? Hela yako! Kiswahili chetu kimelibana jambo hili vizuri kuliko vitabu vya uhasibu: ulikuwa unalipa kodi ndani ya kodi. Hukuiona tu, kwa kuwa haikuwa na mstari kwenye slipu.

Na wanaokuja kusema "lakini kodi za jimbo unazipunguza kwenye marejesho ya serikali kuu", tangu 2018 kuna kikomo cha 10,000, kikapandishwa 40,000 mwaka 2025, lakini wateja wangu tisa kwa kumi wanachukua lile punguzo la kawaida la kila mtu. Kikomo hicho kinawahusu wenye nyumba za New Jersey, ambako bili ya wastani ya nyumba imeshafika dola 10,000 hivi.

---

Mlalahoi wa Katy (mtoa mada)

Mhasibu umenikamata, nakiri. Iliondoka mwaka uliofuata, nikabaki na 2,200 na kitu, na baada ya nafuu ya 100,000 ikashuka zaidi. Hilo la kodi ndani ya kodi sikuwahi kulifikiria.

Mzee Rufaa, mimi rufaa niliogopa, nilidhani ukienda wanakupandishia.

---

Mzee Rufaa

Wakupandishie kwa kosa gani? Nenda.

---

Dada Nesi, Brooklyn Park

Mimi bado niko hukuhuku Minnesota mlikopakimbia, na baridi yetu.

Kaka, mdogo wako wa 60,000 na watoto watatu ndiye mtu ambaye jimbo hili limetengenezwa kwa ajili yake. Kodi yake ya mapato ya jimbo, ukishatoa punguzo la kawaida na la watoto, haifiki 1,000. Halafu tangu 2023 kuna fedha ya mtoto, mpaka 1,750 kwa kila mtoto. Inapungua kadiri mapato yanavyopanda, lakini kwa kiwango chake bado atabakiza ya kutosha. Maana yake anaweza kurudishiwa na jimbo zaidi ya alichokatwa. Texas analipa sifuri, huku analipa chini ya sifuri. Nani mjanja hapo?

Na kama anapanga, Januari mwenye nyumba anawajibika kumpa karatasi inayoonyesha pango alilolipa mwaka mzima, kwa sababu jimbo linajua hiyo kodi ndani ya kodi anayosema mhasibu, na mwenye kipato cha chini au cha kati linamrudishia sehemu. Mimi nililea wanangu wawili nikiwa msaidizi wa wagonjwa zamu ya usiku, hiyo hela ndiyo ilikuwa inanunua makoti ya baridi. Na makoti yenyewe hayana kodi, nguo huku hazitozwi.

Sasa hivi nimekuwa nesi kamili, mume wangu naye yuko teknolojia, tunakatwa mpaka tunahisi upepo. Sibishi. Jimbo ni lilelile, mimi ndiye niliyepanda ngazi.

---

Kamau wa Lowell

Jameni, hapa Massachusetts tumebeba jina baya tangu miaka ya sabini, Taxachusetts, na mtu akilisikia anafikiri tunalipa ushuru mpaka wa kupumua. Ukweli ni kwamba watu walichoka zamani, mwaka wa 1980 wakapitisha sheria ya kuzuia manispaa kuongeza jumla ya ushuru wa nyumba kwa zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka bila kura ya wenyeji. Ushuru wa mapato ni asilimia 5 kwa wote. Kuanzia 2023 anayepita milioni moja anaongezewa 4 juu ya kile kinachozidi. Mimi milioni naisikia tu kanisani kwa harambee.

Tukichoka tunavuka New Hampshire, dakika kumi na tano hivi uko Nashua, hakuna ushuru wa mauzo, hakuna wa mapato. Jumamosi ukienda kununua televisheni utakutana na nusu ya usharika wetu kwenye foleni. Kisheria unafaa kurudi na kujitangaza mwenyewe ulipe ushuru wa kwetu, ngoja ninyamaze hapo. Shemeji yangu akaamua kuhamia huko kabisa. Sasa analipa ushuru wa nyumba unaomfanya asijibu simu mwezi wa Desemba. Na kazi bado anafanya huku Massachusetts, kwa hivyo ile asilimia 5 inamfuata kila Ijumaa!

---

Vancouver sio Canada

Hiyo ya Kamau tunayo na sisi huku magharibi. Naishi Vancouver ya jimbo la Washington, mto mmoja tu na Portland. Washington haina kodi ya mshahara, Oregon haina kodi ya mauzo. Nilipofika nikasema Mungu ananipenda: nitaishi huku, nitanunua kule. Kazi niliyopata ikawa Portland, basi Oregon wananikata mshahara kama mkazi wao. Ningepata kazi Seattle ningelipa kodi ya mauzo ya zaidi ya asilimia 10 kwenye kila chombo. Kuna watu mjini kwetu wamepatia mto huu, wengi ni wastaafu.

---

Binti Makorora

Mimi swali la kishamba. Nilikuja Houston harusi ya binamu, nikashika sabuni ya 9.99, nikatoa noti ya kumi mkononi kabisa kwa kujiamini. Mashine ikasema 10.81. Nikamwambia mtoto wa watu pale kaunta bei imeandikwa hapa, akaniangalia tu. Kwa nini wasiandike bei kamili? Kwetu VAT ya asilimia 18 inabebwa na nani sijui, lakini bei ya rafuni ndiyo bei.

---

Hesabu Haziongopi

Dada, Houston ni 6.25 ya jimbo na 2 ya mji na usafiri, jumla 8.25. Kila mji una hesabu yake, ndiyo maana inaongezwa kaunta. Tennessee ni mbaya zaidi, jimbo peke yake linachukua 7, halmashauri zinaongeza mpaka 2.75, na hata unga na maziwa vinatozwa, ingawa kwa kiwango cha chini kidogo. Na wao sifa yao ni "hatuna kodi ya mapato".

---

Binti Makorora

Asante kaka. Ila msijione peke yenu na hiyo kodi ndani ya kodi. Huku kodi ya majengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nani ananunua umeme? Mpangaji. Unaweka token, elfu moja na mia tano ya jengo la mtu imeshaondoka. Ukimdai mwenye nyumba anakwambia tutahesabiana, na hamhesabiani.

---

Tairi Kumi na Nane

Niko kituo cha mafuta Amarillo nasubiri kuoga, nimesoma uzi wote. Kuna mmoja kaniuliza pembeni sisi madereva wa masafa tunalipa kodi ya jimbo gani ikiwa wiki moja tunapita kumi. Jibu: unapoishi. Sheria ya serikali kuu inakataza majimbo tunayopita kutukata mshahara. Ndiyo maana utakuta dereva ana leseni na anwani ya binamu yake wa Dallas wakati mke na watoto wako Ohio. Msifanye hivyo. Jimbo likikuuliza, litaangalia familia yako inalala wapi, sio barua zako zinaangukia wapi.

Kwenye mafuta ndipo watu wanapojidanganya. Nilivyoanza kumiliki gari mwenyewe nikawa najaza Texas mpaka shingoni, kodi ya dizeli senti 20 kwa galoni, nipite Pennsylvania bila kununua hata tone, kule ni senti 74. Robo mwaka ikaisha, ikaja hesabu ya IFTA, mkataba wa majimbo kugawana kodi ya mafuta ya malori. Ile stika pande mbili za kichwa cha gari sio pambo! Unaandika maili ulizotembea kila jimbo, wanapiga galoni ulizochoma humo, na kila jimbo linapata chake hata kama hukusimama kukojoa. Maili 300 za Pennsylvania kwa gari langu ni galoni 46, dola 34, popote nilipojaza. Na Oregon hawatozi dizeli ya magari yetu, wanatoza uzito kwa maili. Mzani unakusoma.

---

Babu Hayward

Vijana, mmeitaja California kwa kuipita tu, kana kwamba ni ugonjwa. Nipo hapa tangu 1989.

Hiyo asilimia 13.3 mnayotishiwa nayo inamhusu aliyepita milioni. Kijana wa dola 60,000 mwenye mke na watoto watatu, akitoa punguzo na nafuu za watoto, kodi yake ya mapato ya jimbo inaishia sifuri au jirani na sifuri. Atabaki na makato ya bima ya kuugua, kama asilimia 1 na kitu.

Lakini simwambii aje. Nitamwonyesha mtaa wangu aelewe. Nyumba yangu nilinunua 1996 kwa 180,000. Mwaka 1978 wananchi walipitisha sheria inayosema kodi ya majengo ni asilimia 1 ya thamani, pamoja na vidude vya halmashauri, na thamani hiyo haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka utakapouza. Mimi leo nalipa kama 3,600. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta, ramani ileile, choo upande uleule, amenunua kwa 850,000. Analipa karibu 10,000. Takataka zetu zinachukuliwa na gari moja. Kijana mzuri, ananisaidia kushusha mapipa, na kila Novemba bili zikija naona haya kumtazama.

Anayekuja leo ataingia kama jirani yangu, hataingia kama mimi. Na kabla hajafika huko, pango la hapa litakuwa limemmaliza.

---

Mshomile wa Virginia

Mmesahau gari. Huku kaunti inakutumia bili ya kodi ya gari lako kila mwaka, kulingana na thamani yake. Nilinunua gari jipya kuringia watu msibani, mwaka uliofuata bili ilinifanya nilitazame kwa jicho lingine.

---

Chawa wa Uzi

Kwa hiyo mdogo wake mtoa mada aende wapi? Kahawa imeisha.

---

Mlalahoi wa Katy (mtoa mada)

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa ukimya, nilikuwa zamu.

Kwanza nimefungua bili ya mwaka huu baada ya kukemewa na Mzee Rufaa. Mstari wa shule umeshuka vizuri. Wa wilaya ya maji uko vilevile. Nimepiga picha ufa wa gereji, ninao na mimi, naungoja Aprili.

Pili, nilikaa na karatasi nikamwandalia mdogo wangu majimbo manne: Texas, Minnesota, Massachusetts, Washington. Nikaweka kipato chake, watoto, pango, kodi ya mauzo, mpaka makoti ya Dada Nesi. Nikampigia jana nimsomee. Akaniacha nimalize jimbo la kwanza, halafu akaniambia kaka, nimeshapata kazi Iowa, kiwanda cha nyama, kuna Wakongo wengi tuliosali nao Kigoma, wametutafutia na nyumba ya kupanga.

Nikamuuliza, umeuliza kodi ya mapato ya huko ni asilimia ngapi?

Akasema, "Wanalipa dola 22 kwa saa, na shule iko ng'ambo ya barabara."

---

Hesabu Haziongopi

Ni 3.8, sawa kwa wote, tangu 2025. Mwambie atunze karatasi zake zote.

---

Dada Nesi, Brooklyn Park

Na mwambie anunue makoti huku kwetu kabla hajavuka mpaka wa Iowa, kule nguo zinatozwa.